Kozi ya Alhamisi Saa Mbili

Wanafunzi walimwita Kwani, kwa sababu ilikuwa nadra aanze sentensi bila neno hilo. Kwani wewe umesoma wapi? Kwani hicho ulichosema ni hoja au ni chafya? Alikuwa mhadhiri wa falsafa, mwaka wa kumi na tisa sasa, mrefu, mwembamba, amefunga shati mpaka kifungo cha juu hata jua liwake vipi, na uso wake siku zote ulikuwa wa mtu aliyenusa maziwa yaliyoharibika. Jina la utani alilijua na wala halikumkera. Aliona ni ushahidi kwamba walau neno lake moja limewaingia kichwani.

Mwaka ule zamu ya kuwa mshauri wa masomo ilimwangukia yeye. Ilimwangukia kwa sababu hakuhudhuria kikao kilichogawa kazi. Vikao alivibeza, alisema ni mahali watu wazima wanapokutana kukubaliana lini watakutana tena. Basi waliohudhuria wakatazamana, wakatabasamu, wakaandika jina lake. Wiki nzima ya usajili, Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi alasiri, ikambidi akae chumba namba saba, apokee wanafunzi wa shahada ya falsafa mmoja mmoja, aangalie kozi nne walizochagua, na kutia sahihi fomu ya nakala tatu. Nyeupe ilibaki kwa mwanafunzi, ya njano ilikwenda kwa karani, na ya waridi ilikwenda kupotea utawala.

Karani wa idara alikaa chumba hichohicho, meza ya mlangoni. Walimwita Bi Mhuri, maana mhuri wa idara aliuning'iniza shingoni kwa kamba tangu siku ulipoibwa ukakutwa umepigwa kwenye barua za mapenzi. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa kauli, aliyekwishaona wakuu wa idara watano wakija na kuondoka, na wote watano ni yeye aliyewafundisha kuandika barua rasmi.

Ukutani nyuma ya Bi Mhuri palibandikwa orodha ya kozi, na mbele ya kila kozi palikuwa na nafasi ya kuandikia idadi kwa penseli. Chini kabisa palikuwa na sharti, kwa herufi nzito: kozi ambayo haitafikisha wanafunzi wanane ifikapo Ijumaa saa kumi itafutwa, na mwalimu wake atahamishiwa kufundisha Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza, kilimo.

Kozi ya Kwani iliitwa Kuwapo na Kutokuwapo, na ilifundishwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Kila mwaka wanafunzi walimwomba aisogeze mbele kidogo, na kila mwaka aliwajibu kwamba anayetaka kujua kama ulimwengu upo, aamke. Mwaka uliotangulia walikuwa wanane kamili, na mmoja wao alikuwa amejiandikisha kwa kukosea, akaona haya kutoka.

Kozi iliyokuwa ikijaza watu ilikuwa Furaha na Maisha Mema, Jumatano saa nane mchana, ukumbi mkubwa. Haikuwa na mtihani. Mwanafunzi aliandika shajara, akaikabidhi mwisho wa muhula, basi. Aliyeifundisha ni shemeji yake Kwani, mume wa mdogo wake wa mwisho, kijana mnene kiasi, mcheshi, anayewajua mpaka wafagiaji na watoto wao. Kwani mwenyewe ndiye aliyemwingiza idarani miaka sita nyuma, akidhani anajipatia mtu wa kumbebea vitabu. Ukisikia mtu kujipalia makaa, ndiyo hivyo.

Jumatatu saa tatu foleni ilianza.

Wa kwanza alikuwa msichana mwenye begi mgongoni. Alitaka kozi yoyote ile ambayo haianzi kabla ya saa nne.

"Kwani umekuja kusomea falsafa au usingizi?" Kwani akamuuliza.

"Nakaa mbali, mwalimu."

"Hata ukweli unakaa mbali. Wanaoutaka wanaufuata." Akatia sahihi ya Furaha kama anayepiga nzi, akamrudishia fomu bila kumtazama.

Akaja kijana aliyetumwa na baba yake. Baba alitaka kujua hii Kuwapo na Kutokuwapo ina ajira gani.

"Mwambie baba nafasi za kuwapo zimeshajaa. Zimebaki za kutokuwapo."

Kijana hakucheka. Aliuliza kwa adabu kama kuna mshauri mwingine.

Wa tatu alikuwa msichana mkimya ambaye tayari alishaiandika kozi ya Alhamisi kwenye fomu yake, kwa wino, namba moja. Kwani akaona, na moyoni kitu kikamgusa, lakini ulimi wake ulikuwa umeshazoea njia yake. Akamuuliza kilichomvutia ni nini. Msichana akasema amependa jina.

"Kwani ni manukato?"

Msichana akatazama fomu, akatazama mlango, akaomba kalamu, akafuta. Alipotoka Bi Mhuri aliinua kichwa.

"Daktari, huyo alikuwa anaingia kwako."

"Alikuwa anaingia kwenye jina."

"Mlango ni mlango," akasema Bi Mhuri, akarudi kwenye karatasi zake.

Hivyo ndivyo siku mbili zilivyokwenda. Usidhani alikuwa anasema uongo. Wengi wao kweli walichagua kozi kama mtu anavyochagua kivuli cha kukaa: pasiwe na jua, pasiwe na siafu, pawe karibu na choo. Walihesabu saa, walihesabu kurasa, walinong'onezana nani anasahihisha kwa huruma. Kwani aliyaona hayo yote na hakukosea hata moja. Alichokosea ni kuamini kwamba ukishamwona mtu mjinga kazi yako imekwisha.

Jumanne jioni mbele ya Kuwapo na Kutokuwapo palisomeka saba. Saba hao walipona kwa sababu walijiandikisha kwa Bi Mhuri wakati Kwani amekwenda kunywa chai.

Jumatano asubuhi aliingia mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la kazi la kijivu lenye mifuko minne, na mkononi ana mfuko wa turubai uliogongana chuma kwa chuma alipouweka sakafuni. Alinukia mafuta ya mashine. Kwani alinyoosha kidole juu.

"Feni ni hiyo, mama. Inalia upande wa kushoto."

"Sikuja kwa ajili ya feni, mwalimu." Akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne vizuri, akaikunjua juu ya meza. "Nimekuja kuchagua kozi."

Kule mtaa wa maduka walimwita Mama Mizani. Alitengeneza mizani za wauza nafaka, za wauza nyama, za wauza misumari, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza alikosa kwa alama tatu, akarudi kwenye mizani zake mwaka mzima, akarudi tena. Hayo Kwani hakuyajua kwa sababu hakuuliza.

"Nimesoma maelezo ya kozi yako," mama akasema. "Yanasema mtu atajifunza kuuliza ni nini kinachokifanya kitu kiwe kile kilivyo. Ninalo swali la namna hiyo. Nimelibeba muda mrefu."

"Lipi?"

"Kilo ni nini?"

Kwani akamgeukia Bi Mhuri kama anayetafuta shahidi. Bi Mhuri alikuwa anapanga nakala za njano.

"Kilo ni gramu elfu moja, mama."

"Hiyo naijua. Nasema hivi. Mizani za maduka nazipima kwa mawe yangu. Mawe yangu yanapimwa kila mwaka na mawe ya ofisi ya vipimo. Ya ofisi yanapimwa na mengine makao makuu, na hayo nayo yanapelekwa ng'ambo kupimwa na mengine. Sasa lile la mwisho kabisa linapimwa na nini? Na kama halipimwi, sisi wote tumejuaje kwamba…"

"Mama." Kwani aliinua kalamu kumsimamisha. "Kwani hapa umeona gunia la sukari? Hilo ni swali la fundi. Nenda ofisi ya vipimo, wana vijitabu, tena vya bure. Kozi yangu ni ya watu waliozoea kuwaza vitu visivyoshikika. Itakuchosha wewe, na mimi itanichosha zaidi." Akaivuta fomu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri. "Leo mchana kuna Furaha na Maisha Mema, wao hawangoji usajili uishe. Mnakaa, mnaandika shajara, mnasimuliana mlivyoamka. Itakufaa."

Mama Mizani aliitazama kalamu inavyokwenda.

"Nimekaa kwenye hiyo sukari miaka ishirini na saba, mwalimu," akasema. "Ndiyo maana nikauliza."

Akachukua fomu, akampa Bi Mhuri agonge mhuri, akaikunja tena mara nne, akainua mfuko wake wa chuma akaenda zake. Kwani akafyonya, akasema watu siku hizi wakistaafu kidogo wanadhani chuo ni kilabu cha kupunga upepo. Na huyo ndiye mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya ubao akilalamika kwamba hajawahi kuletewa swali la kweli. Lilipokuja kwa miguu yake mwenyewe, alilielekeza kwenye feni.

Alhamisi mchana alikuwa chumba cha walimu na chakula chake alichofungiwa kwenye kopo. Shemeji akaingia, akavuta kiti, akakaa karibu mno kama kawaida yake.

"Shemeji, asante kwa kuniletea yule mama."

"Mama yupi?"

"Wa mizani. Jana darasani niliwaambia kila mtu aandike kipimo cha furaha yake, kuanzia moja hadi kumi. Watu wakaandika. Yeye akanyoosha mkono, akauliza hiyo kumi yangu na kumi ya huyu jirani yangu zimepimwa kwa jiwe gani. Ukumbi mzima kimya. Mimi mwenyewe kimya. Halafu akatueleza mambo ya mawe yake, jiwe linapima jiwe, linapima jiwe. Shemeji, nilisikia baridi."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilimwambia hilo ndilo somo la shemeji yangu hasa, aende kwako. Akasema ni wewe uliyemleta kwangu." Shemeji akacheka, si kwa ubaya, ubaya hakuwa nao, na hilo ndilo lililomuudhi Kwani kuliko yote. "Nikasema labda mlipishana kauli."

Kwani alifunika kopo lake. Chakula kilikuwa hakijaisha. Alirudi chumba namba saba akakaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaitazama orodha ya ukutani kama mtu mwenye jambo nayo. Saba. Alizisikia zile hatua za jiwe kwa jiwe kichwani mwake, akatambua kwamba muhadhara wake wa wiki ya tatu, ule anaoupenda, ambao humchukua saa mbili na kumwacha na chaki mpaka kwenye nyusi, ulikuwa unasema jambo lilelile, tena kwa maneno mengi zaidi na bila jiwe hata moja.

"Bi Mhuri, mwanafunzi akitaka kubadili kozi, inahitajika nini?"

"Sahihi ya anakotoka, sahihi ya anakokwenda, na yake mwenyewe." Akafungua droo, akatoa fomu ya kubadili kozi. Alikuwa ameshaijaza jina la Mama Mizani. "Karakana yake iko mtaa wa maduka, nyuma ya duka la rangi. Nimemuuliza jana."

Shemeji alitia sahihi amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. "Mimi ninao mia na kumi na mbili," akasema. "Wa nyuma hata siwaoni."

Ijumaa saa tano Kwani alikuwa mtaa wa maduka, amefunga kifungo cha juu, jasho linamtiririka, anakwepa mikokoteni. Njiani alipanga maneno. Aliona haifai mhadhiri kuomba. Ataeleza tu kwamba idara imepitia upya fomu yake na kuona anastahili nafasi. Sentensi hiyo aliipenda. Alipofika mlangoni alikuwa ameirudia mara sita.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na mizani kila mahali: za sahani mbili zilizoning'inia kwenye ndoano, za mshale zenye uso kama saa ya ukutani, za umeme zilizofunguliwa matumbo. Mawe yalikuwa kwenye sanduku la mbao, kila moja kwenye shimo lake, kuanzia kubwa kama ngumi hadi dogo kama punje. Kiti kilikuwa kimoja, na Mama Mizani alikuwa amekikalia.

"Mwalimu," akasema, bila kushangaa. "Karibu. Simama hapo kwenye upepo."

"Juzi," Kwani akaanza, "unajua, kulikuwa na foleni ndefu…"

"Foleni ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alikuwa amekosea chumba." Aligeuza bisibisi. "Umekuja kwa ajili ya swali langu, au kwa ajili ya hiyo karatasi?"

Ile sentensi ya idara ilikuwa tayari mdomoni. Kwani aliitafuta akaiona, na akaona pia kwamba kuitamka mbele ya mwanamke huyu kungekuwa kama kuweka kidole kwenye sahani ya mizani mbele ya mkaguzi.

"Karatasi," akasema. "Nimepungukiwa mtu mmoja."

"Afadhali. Ungesema swali ningekuonyesha njia ya kutoka." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Weka karatasi pale. Swali tulimalize kwanza."

Kwani akamweleza. Alianza kwa majivuno, kwa maneno marefu marefu, na mama akawa anamkatiza: hilo neno maana yake nini, sema kama unamwambia mwenye duka. Taratibu maneno yakafupika. Akamwambia kwamba zamani kweli lilikuwapo jiwe moja la mwisho, la madini, limefungiwa kabatini ng'ambo, na hilo ndilo lilikuwa kilo. Halikupimwa na kitu.

"Na likishikwa na vumbi?"

"Dunia nzima inapungua uzito kidogo."

"Na likikwaruzwa?"

"Inaongezeka."

Mama Mizani akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia uvumi aliokuwa akiushuku tangu zamani.

"Lakini siku hizi jiwe hilo wameliacha," Kwani akaendelea. "Wanatumia hesabu, za mambo ya nuru na umeme. Namba ambayo haishiki vumbi."

"Na hiyo namba ilikubaliwa na nani?"

"Wajumbe wa mataifa. Walikutana."

"Wakafanyaje?"

"Wakapiga kura."

Mama akaacha alichokuwa anafanya. "Kwa hiyo kilo ni kura."

"Si hivyo hasa. Kuna vitu…" Kwani akasita. Akatembea hatua mbili, chumba kikaisha, akarudi. "Kuna vitu vipo kwa sababu vipo, na kuna vitu vipo kwa sababu tumekubaliana vipo. Ugumu ni kujua mpaka uko wapi. Uzito wa sukari haukupigiwa kura. Jina la uzito huo lilipigiwa. Nadhani. Sina hakika kama naweza kuvitenganisha."

"Mimi nimefungisha mizani za watu kwa upungufu wa gramu tano," mama akasema. "Mtu na watoto wake, nikampelekea mkaguzi. Nilidhani nasimamia kitu kilichopo, kumbe huenda nilikuwa nasimamia mapatano."

"Huenda vyote viwili."

"Huenda si jibu, mwalimu."

"Ndiyo jibu nililonalo."

Wakaendelea. Mwenye duka akaja kuchukua mizani yake, akawakuta wanabishana, akaweka malipo mezani akaondoka bila kuaga. Kwani alikuwa amefungua kifungo cha juu na hakukumbuka alikifungua saa ngapi. Ilipogonga saa nane unusu mama mwenyewe ndiye aliyekumbuka karatasi. Akaisoma mstari kwa mstari, kama alivyosoma kila kitu, mpaka akafika kwenye ratiba.

"Alhamisi saa mbili sitaweza."

"Kwa nini?"

"Alhamisi asubuhi nazungukia maduka. Ndiyo siku wanayopokea mzigo, lazima mizani iwe sawa kabla gunia halijafunguliwa. Nisipokwenda mimi, atakwenda mwingine, na hatarudi kunipisha. Siku yangu ya shule ni Jumatano. Niliiandika kwenye fomu ile ya kwanza, pale juu. Nilidhani uliisoma."

Kwani alitaka kusema neno lake kuhusu ulimwengu na kuamka. Akaliacha. Huyu mama bila shaka aliamka kabla yake kila siku ya Mungu.

"Nikiihamishia Jumatano?"

"Nitakuja. Nitakaa mbele."

Mama akatia sahihi, na Kwani akarudi chuoni mbio mbio, mzee wa watu, karatasi kaishika kama mtu aliyebeba yai. Saa tisa na dakika tano alikuwa mbele ya meza ya Bi Mhuri, anaomba kitu ambacho kwa miaka kumi na tisa aliwanyima wengine.

Bi Mhuri alifungua daftari la vyumba. Jumatano kulikuwa na nafasi moja tu: saa nane mchana.

"Weka."

"Kubadili saa kunahitaji ridhaa ya waliokwisha kujiandikisha," akasema Bi Mhuri. "Nitawapigia."

Akapiga simu, mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti yake ya upole. Wanne wakasema sawa. Watatu wakasema haiwezekani, kwa sababu Jumatano saa nane wana Furaha.

"Wana nini?" Kwani akauliza.

"Furaha, Daktari. Wamechukua zote mbili. Wengine huwa wanachukua zote mbili."

Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kuzitaka zote mbili. Akaomba simu, akampigia mmoja wa wale watatu, kijana ambaye hata sura hakuwa anaikumbuka. Akamuuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya kirafiki, kwani shajara ina nini cha kuuzidi ulimwengu. Kijana akajibu kwamba mwalimu wa Furaha alimtembelea mama yake hospitali. Kwani akamrudishia Bi Mhuri simu.

Wakapiga hesabu, haikuwa ndefu. Alhamisi, saba. Jumatano, wanne na Mama Mizani, watano. Upande wowote uliogeukia, wanane hawakuwapo.

"Yule msichana wa Jumatatu," Kwani akasema. "Aliyependa jina."

"Alikwenda idara ya historia. Walimpokea vizuri."

Saa kumi kamili Bi Mhuri akachukua rula na kalamu nyekundu, akasimama, akapiga mstari juu ya Kuwapo na Kutokuwapo. Aliupiga umenyooka. Halafu akamwekea Kwani chai mezani, na hakusema neno, jambo ambalo Kwani aliliona ni adhabu kubwa kuliko kusemwa.

Jumapili mdogo wake alimpigia simu kumpa pole. Mume wake alikuwa amemsimulia. Kwani alisema chuo kimekuwa genge la kuuza vyeti, wanafunzi ni kundi la mbuzi, na kozi inayofutwa kwa kuhesabu vichwa haina hasara, hasara ni ya vichwa.

"Kaka," mdogo wake akasema, "na wale wanane wa kila mwaka uliwahi kujua hata majina yao?"

Akasema ana kazi, akakata simu. Kazi hakuwa nayo.

Stadi za Mawasiliano zilianza Jumatatu iliyofuata, ukumbi wa wanafunzi mia tatu wa kilimo, somo la kwanza jinsi ya kuanza barua. Aliwaambia nusu yao wanaandika kama walioshika kalamu kwa mguu wa kuku, na nusu nyingine ni kuku wenyewe. Walicheka, kwa kuwa walidhani anatania. Wiki ya pili wakawa wanakuja mapema kusikia matusi mapya. Hilo lilimvunja moyo kabisa. Kubeza watu wanaofurahia kubezwa ni kama kumwagia samaki maji. Akaandika barua kwa mkuu wa idara kuomba kozi yake irudishwe mwaka ujao. Bi Mhuri akairudisha na kumwambia kwamba pale alipomwita mkuu "mhesabu vichwa" paondolewe. Akapaondoa. Kesho yake akapaandika tena, na barua ikaenda hivyo, na majibu hayakuja.

Wiki nne alijiambia kwamba mhadhiri hawezi kwenda kwenye karakana kubishana na fundi. Angeonekanaje. Wiki ya tano, Jumamosi mchana, alikwenda. Safari hii hakubeba karatasi yoyote.

Mama Mizani alikuwa amesimama mbele ya mizani kubwa ya sahani mbili, ya kampuni ya nafaka, imeinama upande mmoja kwa nukta ndogo ambayo macho ya Kwani hayakuiona. Hakumuuliza amefuata nini. Alimwambia anaendelea vizuri na masomo, mantiki inamsumbua kidogo, na kwamba ile kozi ya Furaha ina mambo. Shemeji yake hajui mengi, ila ukimuuliza kitu asichokijua anakushukuru.

Kwani akafungua mdomo. Alikuwa na maneno kuhusu shemeji, kuhusu shajara, kuhusu wanafunzi wa kilimo na wenye maduka wote wa mtaa ule, na yote yalikuwa makali na mengi yalikuwa ya kweli.

"Shika sahani hii kwa chini," mama akamwambia, "kwa kidole kimoja tu. Usiongee kwanza. Pumzi yako inautikisa mshale."

Akashika, akanyamaza.